Pima Kisanduku Kabla ya Kulaumu Kivinjari

Saa tatu usiku alinipigia simu mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Dar es Salaam. "Mwanangu, wanachama wenye iPhone hawalipi," akasema. "Wanadai kitufe hakipo." Nikafungua ukurasa kwenye simu yangu ya Android na kitufe cha kuthibitisha malipo nikakiona, kijani, chini kabisa ya skrini. Nikamwomba mpwa wangu aufungue kwenye iPhone yake. Fomu ilionekana yote, chini yake ukafuata upau wa anwani wa Safari, na kitufe kweli hakikuwepo. Ukiusogeza ukurasa kwa kidole, haujongei.

Nilipofungua faili la mitindo nikakuta fundi aliyenitangulia ameshapita hapo. Alikuwa ameandika msimbo wa kutambua iPhone, kisha akaongeza nafasi ya pikseli 80 chini ya fomu. Lilipotoka toleo la simu lenye skrini ndefu zaidi, akaongeza kanuni ya pili. Nilihesabu kanuni kumi na nne za namna hiyo, kila moja ikiziba tundu lililotobolewa na iliyotangulia. Chanzo kilikuwa juu ya zote, kwenye mstari mmoja: height: 100vh, na chini yake overflow: hidden.

Kipimo cha vh ni asilimia moja ya kimo cha dirisha la kivinjari. Lakini kimo kipi? Safari ya iPhone hukokotoa kana kwamba upau wa anwani umeshajikunja, yaani dirisha likiwa refu kuliko wakati wowote. Anayefungua ukurasa kwa mara ya kwanza huwa anauona upau ukiwa umekunjuka, kwa hiyo ukurasa wa 100vh unazidi eneo analoliona, na kilichopangwa mwisho kabisa kinaangukia nyuma ya upau. Hapo overflow: hidden inamnyima mtu hata nafasi ya kukifuata. Sasa sikiliza jambo ambalo fundi yule hakuliona: Chrome ya Android nayo hukokotoa vivyo hivyo. Nilipoitazama tena simu yangu kwa makini, sehemu ya chini ya kitufe ilikuwa imekatwa. Kwa kuwa kilibaki kinabonyezeka, hakuna aliyelalamika. Ukurasa ulikuwa mgonjwa kwenye simu zote mbili, ila homa ilipanda kwenye moja.

Huo ndio msimamo wangu baada ya miaka mingi ya kurekebisha kurasa za watu. Sehemu kubwa ya tunachokiita "matatizo ya vivinjari" ni kosa moja lililomo kwenye ukurasa wetu, lipo kila mahali, na kivinjari kimoja ndicho kilicholitoa hadharani. Anayeandika dawa kwa ajili ya kivinjari hicho peke yake anaacha kosa likae, na litatoka tena kwenye simu nyingine, kwa sura nyingine, siku ambayo yeye ameshalipwa na kuondoka.

Ili kuelewa kwa nini mambo yako hivi, inabidi kurudi kwenye nia ya CSS yenyewe. Håkon Wium Lie alipoipendekeza Oktoba 1994, akiwa CERN, hakukusudia chombo cha kuchora ukurasa pikseli kwa pikseli. Wazo lilikuwa kwamba mwonekano uamuliwe kwa pamoja: kivinjari kina mitindo yake ya awali, msomaji ana mapendeleo yake, mwandishi ana matakwa yake, na vyote hivyo vinamiminika kimoja juu ya kingine kwa utaratibu maalumu. CSS ya kwanza ilipopitishwa na W3C Desemba 1996, nia hiyo ilibaki, na ipo hadi leo. Ukurasa usio na mstari hata mmoja wa mitindo tayari una pambizo ya pikseli 8 pembeni, vichwa vya habari vyenye herufi nene na viungo vya buluu, kwa sababu kivinjari kimekuja na laha yake ya mitindo. Mengine, kama sura ya vitufe, masanduku ya kuchagulia na sehemu za tarehe, kila kivinjari huyapamba kinavyoona. Fonti nayo ni hivyo hivyo. Ukiandika sans-serif tu, Android itakupa Roboto na kompyuta ya Windows itakupa fonti yake nyingine kabisa. Herufi zinatofautiana upana, mstari uliokaa vizuri kwenye mashine yako unavunjika na kuwa miwili kwa jirani, na kila kilicho chini yake kinashuka. Hapo hakuna kivinjari kilichokosea. Ni wewe uliyepima kisanduku kwa maneno yaliyotokea kutosha kwenye skrini yako.

Nguzo ya pili ya CSS ni uvumilivu wake, na hapa ndipo wasanidi wengi wanapotegwa. Kivinjari kikikutana na tamko kisilolijua, kinaliruka na kuendelea, bila onyo kwa msomaji. Hili ni jema, maana linaturuhusu kuandika tamko la zamani kisha jipya chini yake, na kila kivinjari kinachukua la mwisho kinaloliweza. Ila uvumilivu huo una ngazi. Thamani isiyojulikana inaangusha tamko lake peke yake. Kiteuzi kisichojulikana kinaangusha kanuni nzima, pamoja na viteuzi vyote vilivyotenganishwa nacho kwa koma. Chukua mtu aliyeandika input:focus, label:has(input:invalid) kisha mabano yenye rangi na mpaka. Safari ilianza kuielewa :has mwaka 2022, Chrome ikafuata mwaka huo huo, na Firefox ikasubiri hadi toleo la 121, Desemba 2023. Kwenye Firefox ya kabla ya hapo hata sehemu ya kwanza ya kanuni ile, input:focus, inayojulikana tangu enzi, ilitupwa. Msanidi anaona mpaka umepotea kwenye kila fomu, anaandika kwamba Firefox haijui :focus, na anaanza kutafuta dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Ilitosha kuzitenganisha kanuni mbili.

Kuna dhana nyingine inayotugharimu sana, ya kuhesabu vivinjari kwa nembo zake. Mtu ananiambia ameujaribu ukurasa kwenye vivinjari vitano: Chrome, Edge, Opera, Brave na Samsung Internet. Vyote hivyo vinatumia injini moja, Blink. Opera iliacha injini yake ya Presto mwaka 2013 na Edge ikahamia huko Januari 2020. Huyo amejaribu mara moja. Kwa upande wa pili, mwenye iPhone akikuambia anatumia Chrome, jua kwamba chini ya nembo hiyo imo WebKit, injini ya Safari, kwa sababu Apple haikuruhusu injini nyingine kwenye simu zake. Mlango ulifunguliwa kwanza kwa nchi za Umoja wa Ulaya, kuanzia iOS 17.4 ya Machi 2024, na sisi huku hautuhusu. Injini kuu zilizobaki ni tatu: Blink, WebKit na Gecko ya Firefox. Jaribu kwenye hizo tatu na umejaribu kweli.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki naongeza mambo mawili ambayo vitabu vya ng'ambo huyapita haraka. La kwanza ni Opera Mini. Watu wengi wanaipenda kwa kuwa inaokoa bando. Katika hali yake ya kubana data kwa nguvu, ukurasa hauchorwi kwenye simu kabisa. Seva za Opera zinaufungua, zinaupanga, zinaubana na kuutuma ukiwa umeshapikwa. Injini inayofanya kazi hiyo haijui gridi, na JavaScript inapata nafasi finyu sana. Ukurasa uliopangwa wote kwa gridi utaonekana humo kama safu moja ndefu, kila kitu kwa mpangilio kilivyoandikwa kwenye HTML. Mimi sioni hilo kuwa janga. Linakuwa janga pale mwandishi alipoweka bei mwishoni mwa faili na kuipandisha juu kwa mtindo, au alipofanya menyu isifunguke bila hati ya JavaScript.

La pili ni umri wa simu. Chrome haisasishwi milele kwenye kila Android. Simu ya Android 5 ilikwama kwenye Chrome 95, ya Android 6 ikakwama kwenye 106, ya Android 7 kwenye 119. Namba hizi zina maana kubwa unapochagua chombo. Vipimo vipya vya kimo, svh, lvh na dvh, vilivyoletwa mahususi kutibu kisa cha kitufe kilichofichwa, viliingia Safari 15.4 Machi 2022 na Chrome 108 Novemba mwaka huo. Kwa hiyo simu ya Android 6, ambayo bado iko mikononi mwa watu wengi tu, inaielewa :has lakini haivielewi vipimo hivyo, na haitavielewa kamwe. Asiyejua mpaka huo ulipo atasema "Chrome inakubali" na atakuwa amesema ukweli usiomsaidia mteja.

Deni la zamani nalo tusilisahau, maana bado linadaiwa. Internet Explorer 5 kwenye Windows ilihesabu upana wa kisanduku tofauti na maelekezo ya W3C. Ukisema upana ni pikseli 300, nafasi ya ndani 20 na mpaka 5 kila upande, kiwango kilitaka kisanduku kizima kiwe pikseli 350. Internet Explorer ilikibana chote ndani ya 300. Ilipokuja IE6 mwaka 2001, Microsoft haikuweza kuzivunja kurasa zote zilizoandikwa kwa hesabu ya zamani, ikatumia ufunguo ambao IE5 ya Mac ilikuwa imeutangulia mwaka 2000: ukurasa wenye tamko la DOCTYPE juu kabisa unapangwa kwa kanuni mpya, usio nalo unapangwa kwa mazoea ya kale. Vivinjari vyote vinaendelea na ufunguo huo leo. Na hesabu ile ya Internet Explorer wengi waliipenda, ndiyo maana tuna box-sizing: border-box, tunayoiweka karibu kila mradi.

Utauliza nani leo anasahau DOCTYPE. Sikumbuki aliyeisahau, ila nakumbuka iliyosukumwa. Ukurasa wa matokeo wa shule moja ulikuwa sawa kwenye kompyuta ya fundi na mbovu kwa wazazi: majedwali yenye herufi kubwa kuliko ukurasa mwingine, na vimo visivyoeleweka. Fundi aliapa kwamba wazazi wanatumia vivinjari vya zamani. Nikafungua koni ya kivinjari, nikaandika document.compatMode. Jibu likawa BackCompat, wakati ukurasa usio na kasoro hujibu CSS1Compat. Tukautazama msimbo uliotoka kwenye seva. Mstari wa kwanza kabisa, kabla ya DOCTYPE, PHP ilikuwa imechapisha onyo lake, na onyo lenyewe halikuonekana kwa sababu upau wa juu ulioganda ulilifunika. Maandishi yoyote yakitangulia DOCTYPE, kivinjari kinarudi kwenye mazoea ya kale, na mojawapo ya mazoea hayo ni jedwali kutorithi ukubwa wa herufi. Kwenye kompyuta ya fundi maonyo ya PHP yalikuwa yamezimwa. Tulirekebisha hati ya PHP, hatukugusa CSS hata kidogo. Tangu siku hiyo compatMode ndilo swali langu la kwanza, linachukua sekunde tano.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote, hata hivyo, linahusu fleksiboksi. Hebu tulitazame kwa karibu. Una safu mbili, menyu kushoto yenye upana wa pikseli 220, na kulia yaliyomo yenye flex: 1. Ndani ya yaliyomo kuna namba ya muamala ya herufi thelathini zisizo na nafasi, au jedwali lenye safu nane. Kwenye simu ukurasa unapanuka kupita skrini na unaanza kuyumba kulia na kushoto. Watu wanasema Chrome imeharibu. Ukweli ni kwamba kiwango chenyewe kinasema mtoto wa fleksiboksi ana min-width: auto, yaani haruhusiwi kupungua chini ya upana wa neno lake refu kuliko yote. Kivinjari kinatii. Dawa ni kumwandikia mtoto huyo min-width: 0, kisha kuamua ndani yake nini kifanyike: neno livunjwe kwa overflow-wrap, au jedwali lipewe eneo lake la kusogeza.

Badala yake wengi huenda kwenye body na kuandika overflow-x: hidden, ikishindikana wanairudia kwenye kila kisanduku kinachozingira ukurasa. Kuyumba kunakoma, mteja anaridhika, na wiki inayofuata kichwa cha jedwali kilichotakiwa kugandia juu kinaondoka na ukurasa. Hiyo ni kwa sababu position: sticky hugandia ndani ya mzazi wa karibu anayeweza kusogezwa, na kisanduku chenye overflow: hidden kinahesabiwa kuwa mzazi wa aina hiyo. Sasa fundi analaumu sticky, anaiandikia JavaScript, JavaScript inakwamisha simu dhaifu, na Safari inapata lawama ya tatu. Nimefuata mnyororo huu kurudi nyuma mara nyingi, na pete ya kwanza karibu kila mara ni ile min-width ambayo hakuna aliyeiandika.

Kiswahili kinaliongezea tatizo hili uzito, na ningependa wenzangu walichukulie kwa dhati. Violezo vingi tunavyonunua au kupakua vilipimwa kwa Kiingereza, lugha yenye maneno mafupi kwenye vitufe. Kitufe kilichopewa upana wa pikseli 90 kitafurahi na "Lipa", lakini kiwekee "Thibitisha" au "Badilisha nenosiri" uone. Lugha yetu inabeba kiima, wakati, yambwa na kiambishi cha urejeshi ndani ya neno moja: yaliyoidhinishwa, wasiojiandikisha, tutakayowatumia. Kwenye safu nyembamba za simu ya pikseli 320, neno moja kama hilo linatosha kuisukuma safu nzima, tena kwenye Android kwa Roboto litatosha na kwenye simu nyingine litazidi kwa herufi moja. Usiandike upana wa kitufe kwa pikseli. Kipe nafasi ya ndani, kiache kikue na neno lake, na weka lang="sw" kwenye ukurasa ili kivinjari kijue kinachosoma.

Sasa nizijibu hoja tatu ninazopingwa nazo kila ninaposema haya. Ya kwanza ni kwamba laha ya kusawazisha mitindo inamaliza kazi. Laha ya Eric Meyer ya mwaka 2007 na Normalize ya Nicolas Gallagher zilitusaidia sana, na mimi bado naanza mradi na kitu cha aina hiyo. Lakini zinasawazisha mitindo ya awali peke yake. Hazigusi min-width: auto, hazigusi vh, hazigusi upana wa fonti.

Ya pili ni kwamba unaweza kukiuliza kivinjari jina lake na kukipangia dawa. Historia inakataa. Opera 10 ilipotoka mwaka 2009 ililazimika kujitambulisha kama toleo la 9.80, kwa sababu tovuti nyingi zilisoma tarakimu ya kwanza ya namba na kuamini kwamba zimekutana na Opera 1. Karibu vivinjari vyote vinajitambulisha kwa kuanza na neno Mozilla kwa sababu zinazofanana na hiyo. Jina linadanganya, na linadanganya kwa sababu sisi tuliliuliza vibaya. Uliza uwezo kwa kutumia @supports, lakini ujue na mipaka yake. Sifa ya gap ilifanya kazi kwenye gridi kabla ya kufika kwenye fleksiboksi: Firefox mwaka 2018, Chrome 84 mwaka 2020, Safari 14.1 mwaka 2021. Ukiuliza @supports (gap: 1rem) kwenye Safari ya iPhone iliyokwama kabla ya hapo, itajibu ndiyo, maana gridi inaijua, na vitufe vyako vya fleksiboksi vitagandana bila nafasi hata ya pikseli moja. Mahali pa namna hiyo natumia gridi moja kwa moja, au natumia pambizo kama zamani.

Ya tatu ndiyo inayonisikitisha: "Chrome ndiyo kiwango, wengine wajipange." Tulishaishi hivyo na Internet Explorer 6, na kuna mifumo ya ofisi iliyowafunga watu kwenye kivinjari kilichokufa hadi Microsoft ilipolifunga rasmi toleo lake la mwisho Juni 2022. Mwaka 2012 wasanidi waliandika kiambishi cha -webkit- peke yake kwa wingi kiasi kwamba Opera ikalazimika kuvitambua viambishi vya mshindani ili kurasa zisionekane mbovu kwake. Firefox nayo ikafuata mwaka 2016. Uvivu wetu uligeuka kuwa kiwango. Na Chrome nayo hukosea: hadi toleo la 91 mwaka 2021 ilishindwa kugandisha kichwa kizima cha jedwali kwa sticky, jambo ambalo Firefox ililiweza zamani.

Maana hitilafu halisi za vivinjari zipo, sizikani. Hutokea, zina mahali pa kuripotiwa, na tangu mwaka 2022 Apple, Google, Microsoft, Mozilla, Igalia na Bocoup wanakaa kila mwaka kwenye mpango wa Interop kuchagua tofauti za kuondoa na kuzipima kwa majaribio ya pamoja. Kazi hiyo imefanya gridi, vipimo vya kimo na mengine mengi yafanane kuliko wakati wowote niliowahi kufanya kazi hii. Lakini ili kuripoti hitilafu inabidi uthibitishe kwamba ni hitilafu, na uthibitisho huo una njia yake.

Njia yangu ni hii. Baada ya compatMode, naongeza kanuni moja ya muda: kila kitu kwenye ukurasa kipate outline: 1px solid red. Natumia outline kwa sababu haichukui nafasi, wakati border ingebadilisha vipimo vile vile ninavyovichunguza. Visanduku vyote vinajitokeza, na mara nyingi kile kilichotoka nje ya mstari kinajionyesha hapo hapo. Kisipojionyesha, nafungua zana za wasanidi kwenye vivinjari viwili sambamba na kulinganisha vipimo vilivyokokotolewa, nikianzia kisanduku cha nje kabisa kuelekea ndani. Natafuta kisanduku cha kwanza ambacho namba zake zinatofautiana. Walio ndani yake wote wataonekana wabovu, lakini wanamfuata mzazi wao, kwa hiyo siwagusi. Nikimpata huyo wa kwanza, nanakili ukurasa na kuanza kukata: nusu ya HTML inatoka, tatizo lipo? Nusu nyingine, lipo? Ndani ya dakika ishirini nabaki na mistari kumi au kumi na tano. Katika mistari michache hivyo kosa langu hujitokeza karibu kila mara, na lisipojitokeza, basi nimeshapata mfano mdogo wa kuwapelekea watengenezaji wa kivinjari.

Kuhusu vifaa, kile kitufe cha kuigeuza Chrome ya kompyuta iwe na umbo la simu kinabadilisha ukubwa wa dirisha na jina la kivinjari, injini inabaki ile ile. Ukichagua iPhone hapo, unaona Blink iliyovaa fremu ya iPhone. Upau wa anwani haukunjiki na kibodi haipandi. Wala hutaona Safari ikiukuza ukurasa mtu anapogusa sehemu ya kuandikia yenye herufi chini ya pikseli 16, jambo ambalo watumiaji hulieleza kwa maneno "ukurasa umeharibika nilipoanza kuandika". Asiye na kompyuta ya Mac anaweza kupata WebKit kwa kusakinisha Playwright kwenye Windows au Linux, au kivinjari cha GNOME kwenye Linux. Itakamata makosa mengi ya mpangilio, ingawa haitakuonyesha upau wa simu. Kwa Android, waya wa USB na anwani ya chrome://inspect vinakupa zana zote za wasanidi juu ya simu halisi. Na ninashauri kila ofisi inayotengeneza tovuti iwe na droo ya simu zilizotumika. Yangu ina tano: moja ya Android 6, moja ya Android 8, mbili za karibuni, na iPhone yenye kioo kilichopasuka niliyoinunua Kariakoo. Zote pamoja zilinigharimu chini ya bei ya simu moja mpya ya daraja la juu.

Kwa wateja, nimeanza kuandika kwenye mkataba orodha ya simu na matoleo tutakayojaribu, kwa majina, badala ya maneno kama "itafanya kazi kwenye vivinjari vyote". Tunaitengeneza orodha kwa kuangalia takwimu za wageni wa tovuti yao wenyewe. Chama kile cha akiba na mikopo kilikuwa na wanachama wengi wa Android za zamani kuliko mhasibu alivyodhani.

Turudi kwake. Nilizifuta kanuni kumi na nne pamoja na ule msimbo wa kutambua iPhone. Nikaondoa overflow: hidden. Mahali pa height: 100vh nikaandika mistari miwili, min-height: 100vh na chini yake min-height: 100svh. Simu isiyoujua mstari wa pili inauruka, na kwa kuwa ukurasa sasa unasogezeka, mwenye Android 6 anakifikia kitufe kwa kidole. Nilichagua svh, kimo cha dirisha likiwa fupi kabisa, nikaiacha dvh, kwa sababu dvh hubadilika kila upau unapojikunja na kitufe kingerukaruka chini ya kidole cha mtu anayetaka kulipa. Niliujaribu ukurasa kwenye simu zote tano, nikampigia mhasibu kesho yake asubuhi. Akaomba nisubiri, nikamsikia akimwita mwenzake mwenye iPhone aje kaunta, na baada ya kimya kidogo akasema, "Kipo. Kimekaa juu ya ule upau, kizima."